Herufi Nzito ya Mlazo: Ipe Maneno Machache, Ipe Nafasi

Zipo herufi zilizoundwa kwa ajili ya kusoma kurasa nyingi, na zipo zilizoundwa ili neno moja lionekane. Makala hii inahusu kundi la pili, na ndani yake jamii moja inayopendwa sana: herufi nene, zinazolalia kulia, zenye vijiguu kwenye ncha zake. Wachapaji huviita vijiguu hivyo serifi, na herufi zenyewe huitwa italiki nzito za serifi. Utazikuta kwenye majalada ya riwaya, kadi za mwaliko, vibandiko vya chupa za manukato, pakiti za kahawa na mabango ya tamasha. Zamani zilikuwa mali ya kiwanda cha chapa. Leo kila steshenari yenye kompyuta inazo, na mtu mwenye simu anaweza kutengeneza nazo tangazo akiwa ndani ya daladala.

Urahisi huo ni neema, lakini umeleta kazi nyingi zinazomchosha msomaji: kadi ambayo kila mstari wake ni mnene na umelala, au bango la semina lenye maneno arobaini yanayopiga kelele kwa pamoja. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja. Herufi hii hubeba maneno machache. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayeitumia ni kuchagua neno litakalobebwa. Fonti huja baadaye.

Tabia yake

Uzito na mlazo ni sifa zinazovutana. Uzito hulituliza neno, hulifanya lishike nafasi na kuonekana kutoka mbali. Mlazo asili yake ni mwandiko wa mkono, hivyo hulipa neno mwendo na sauti ya mtu. Serifi nazo huleta hewa ya kitabu, ya jambo lililofikiriwa. Zikikutana zote tatu, neno huonekana linatamkwa na mtu mchangamfu anayejua anachosema.

Chukua neno “Karibu.” Liandike kwa herufi nzito zilizosimama wima, zisizo na serifi, na litafaa mlango wa benki: linaelekeza. Liandike kwa italiki nzito ya serifi, na litafaa mlango wa mkahawa au ukumbi wa sherehe: mwenyeji mwenyewe anakupokea. Neno halijabadilika, ila uhusiano wake na msomaji umebadilika. Ndiyo maana swali la kujiuliza kabla ya kuitumia ni hili: je, hapa kuna mtu anayezungumza na msomaji kwa bashasha? Kama yupo, herufi hii inafaa. Kama kuna taarifa tu inayotaka kufika, tafuta nyingine.

Ilikotoka inatufundisha matumizi yake

Mwaka 1501, mjini Venice, mchapaji Aldo Manuzio alitoa mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, katika kitabu kidogo cha kushika mkononi, chote kikiwa kimepangwa kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo. Herufi ndogo zilikuwa zimelala na kusogeleana. Herufi kubwa zilibaki zimesimama. Zilikusudiwa kusomwa ukurasa baada ya ukurasa, kwa hiyo zilikuwa nyepesi. Kadiri karne ya 16 ilivyosonga, italiki iliacha kuwa mwandiko wa kitabu kizima, ikawa msaidizi wa herufi zilizosimama: kutaja jina la kitabu, kusisitiza neno, kutenga utangulizi.

Uzito ulikuja karne tatu baadaye, na aliyeuita ni mfanyabiashara. Mwanzoni mwa karne ya 19, London ilijaa mabango ya bahati nasibu, michezo ya kuigiza na bidhaa. Wachonga herufi, Robert Thorne akiwa miongoni mwao, walizichukua herufi za vitabu wakazinenepesha hadi mashina yakawa mapana kupita kiasi, huku sehemu nyembamba zikibaki nyuzi tu. Italiki nazo zilipewa unene huohuo.

Hapo ndipo ilipo sababu ya ushauri wangu. Mlazo peke yake ulizaliwa kitabuni. Mlazo wenye uzito ulizaliwa ukutani, kwenye bango, mahali ambapo mpita njia hutoa jicho moja tu. Ukimpa msomaji aya nzima ya herufi hizi, unamtaka asome ukuta kana kwamba ni kitabu.

Mbili za kuanza nazo

Fonti za jamii hii ni nyingi. Ukizijua mbili vizuri utaweza kuzipima nyingine zote, kwa sababu zinasimama kwenye ncha mbili zinazopingana.

Ya kwanza ni Cooper Black Italic. Oswald Cooper alikuwa mchoraji wa herufi za matangazo mjini Chicago. Mwaka 1922 kiwanda cha herufi cha Barnhart Brothers & Spindler kilitoa Cooper Black yake, na italiki ikafuata miaka michache baadaye. Ncha zake zote zimeviringwa, serifi zake ni laini, na karibu hutaona mstari ulionyooka kabisa. Tofauti kati ya sehemu nene na nyembamba ni ndogo. Watangazaji wa Marekani waliipokea kwa mikono miwili, na katika miaka ya 1960 na 1970 ilirudi kwa nguvu. Cooper Black iliyosimama ndiyo iliyopamba jalada la albamu ya Pet Sounds ya Beach Boys mwaka 1966. Tabia yake ni ukunjufu. Inafaa chakula, watoto, muziki, michezo, duka la mtaani na fulana.

Ya pili ni Playfair Display, iliyotolewa mwaka 2011 na Claus Eggers Sørensen, msanifu kutoka Denmark. Yeye aliutazama mwisho wa karne ya 18, wakati kalamu yenye ncha kali ilipokuwa ikichukua nafasi ya unyoya mpana, na herufi za mchapaji John Baskerville wa Birmingham zilipokuwa na nguvu. Katika uzito wake mnene na ule mnene zaidi, italiki ya Playfair ina mashina manono na nyuzi nyembamba sana. Tabia yake ni madaha. Inafaa harusi, mitindo, riwaya, manukato, hoteli, jarida la utamaduni.

Tofauti hiyo ya nyuzi si ya urembo tu. Baskerville mwenyewe alilazimika kuboresha karatasi, wino na mtambo wake ili sehemu nyembamba za herufi zitoke safi, na toleo lake la mashairi ya Virgil la 1757 lilijulikana kwa ulaini wa karatasi yake. Nawe utakutana na sharti hilohilo. Kwenye karatasi laini, au kwa ukubwa wa kutosha, Playfair hung’aa. Kwenye karatasi ya gazeti, mashine ya fotokopi iliyochoka, au fulana inayopigwa chapa kwa wavu, nyuzi zake hukatika na neno hubaki vipande. Huko mpe kazi Cooper, maana haina nyuzi za kupoteza.

Hakikisha ni italiki ya kweli

Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi bila mwenye kazi kujua. Italiki halisi si herufi iliyosimama ikasukumwa. Imechorwa upya: kwa kawaida “a” hupoteza kofia yake na kuwa tumbo moja, “f” huteremsha mkia chini ya mstari, na “e” huviringika zaidi. Lakini programu ya kompyuta ikikosa faili la italiki, huichukua herufi iliyosimama na kuilaza kwa nguvu. Matokeo yake ni mashina yaliyopinda na matumbo yaliyovutwa upande mmoja.

Mfano ulio karibu na wengi: Cooper Black inayokuja na programu za ofisi za Microsoft ni ile iliyosimama peke yake. Ukibonyeza kitufe cha mlazo, hupati kazi ya Cooper. Unapata Cooper Black iliyosukumwa. Ukiitaka italiki yake halisi, itafute kwa wauzaji wa fonti na uinunue.

Ndivyo ilivyo hata kwa unene. Ukibonyeza kitufe cha kukoza kwenye fonti isiyo na faili nene, programu huongeza wino pembeni mwa herufi, na matundu ya “a,” “e” na “g” huanza kuziba.

Kwa Playfair Display tiba ni rahisi. Pakua furushi lote kutoka Google Fonts na usakinishe mafaili yote, pamoja na lenye jina linaloishia kwa BoldItalic na lile la BlackItalic. Leseni yake, SIL Open Font License, inakuruhusu kuitumia bure hata kwenye kazi ya kulipwa. Kinachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Ukishasakinisha, iangalie “a” kwa makini. Ikiwa bado ina kofia, unatazama herufi iliyosukumwa.

Kiswahili ndani ya herufi hii

Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu fonti umeandikwa kwa ajili ya lugha nyingine. Kiswahili kina maumbo yake, na italiki nzito huyaonyesha yote.

La kwanza ni urefu. Maneno yetu ni marefu, hasa vitenzi. “Tunawakaribisha” likiandikwa kwa Cooper Black Italic hujaza upana wa kadi nzima. Usilikate kwa kistari na usilibane kwa kulivuta upande. Herufi iliyobanwa hupoteza umbo lake. Badala yake tafuta neno fupi lenye maana ileile, “Karibuni,” na lile refu ulishushe kwenye maandishi ya kawaida yaliyo chini.

La pili ni mashina yanayofuatana. Herufi “u,” “n,” “m” na “i” katika italiki hujengwa kwa mistari inayofanana, yote ikilalia upande mmoja. Sasa andika “Ununuzi,” “Muumini” au “Mnunuzi” kwa herufi nzito zilizobanana, uone: jicho linakuta uzio wa miti iliyoinama, halijui herufi moja inaishia wapi. Kwa maneno kama hayo ongeza nafasi kidogo kati ya herufi na herufi, au chagua uzito mmoja chini yake. Maneno yenye “k,” “z,” “y,” “g” na “f” hukaa vizuri zaidi, kwa sababu kila moja ya herufi hizo ina ishara yake. “Zawadi,” “Nyota,” “Safari,” “Kazi,” “Hongera”: haya ni maneno yanayoipenda italiki nzito.

La tatu ni king’ong’o chetu. “Ng’ara,” “Ng’ambo,” “Ng’ombe” yanahitaji alama iliyopinda kama koma iliyoinuliwa, si kile kijiti kilichonyooka kinachotoka kwenye kibodi ya simu. Kwenye maandishi madogo tofauti haionekani sana. Kwenye kichwa cha bango chenye kimo cha kiganja, kijiti hicho hukaa katikati ya neno kama kitu kilichosahaulika. Na kwa kuwa alama hiyo huacha pengo chini yake, sogeza “g” na herufi inayofuata zikaribiane kidogo.

La nne ni viunganishi. Majina yetu yamejaa “ya,” “wa,” “la,” “na,” “kwa.” Si lazima vipate uzito ule ule. Wachapaji wa mabango wa karne ya 19 walikuwa na vipande maalumu vya mbao kwa ajili ya maneno madogo ya namna hiyo, vikiwa vidogo na vyenye mapambo, ili maneno makubwa yapate nafasi. Fanya hivyo kwa “Usiku wa Taarabu”: “Usiku” na “Taarabu” yawe manene na makubwa, “wa” liwe dogo na jepesi katikati yake. Bango litapumua.

La tano ni herufi kubwa tupu. Kanga hupigwa jina kwa herufi kubwa, na hupendeza kwa sababu herufi hizo kwa kawaida zimesimama na zimepewa nafasi. Italiki nzito haivai vazi hilo. Uzuri wake umo katika herufi ndogo, kwenye mikia na mizunguko yake. Ukiiandika yote kwa herufi kubwa, unabaki na msururu wa vitu vizito vinavyoanguka upande mmoja. Lakini jambo jingine la kanga lifaa kuigwa: jina lake ni fupi, na ufupi huo ndio unaolifanya likumbukwe.

Tarakimu

Kadi ina tarehe, bango lina bei na namba ya simu. Playfair Display, usipoiagiza vinginevyo, hutoa tarakimu za mtindo wa zamani: baadhi ni fupi, nyingine zinashuka chini ya mstari. Ndani ya sentensi zinapendeza. Kwenye namba ya simu zinapanda na kushuka, na anayenakili anaweza kukosea. Kwenye Word, fungua mipangilio ya juu ya fonti na uchague tarakimu zenye kimo kimoja. Kwenye tovuti kuna agizo la lining-nums. Programu yako ikiwa haina nafasi hiyo, andika namba kwa fonti nyingine iliyo wazi. Namba ya simu haihitaji madaha. Inahitaji kupigwa bila kukosewa.

Ukubwa, nafasi na mwenzake

Usiishushe Playfair ya italiki nzito chini ya pointi 24 au hivi kwenye karatasi. Kwenye kadi ya ukubwa wa A5, majina ya maharusi yanaweza kuwa pointi 32 hadi 40, na maelezo mengine yote pointi 10 au 11 kwa herufi za kawaida. Tofauti hiyo kubwa ndiyo inayoipa kadi heshima. Ukiweka majina kwa 20 na maelezo kwa 14, kila kitu kinagombea nafasi moja.

Kwa mabango ya nje, mafundi wana kanuni nzuri: takribani sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali, ili isomwe kwa raha. Bango la kusomwa kutoka mita 30 lahitaji herufi za sentimita 25 hivi. Pima umbali kwanza, kisha uhesabu ni maneno mangapi yatatosha kwenye turubai uliyolipia. Mara nyingi hesabu hiyo yenyewe itakulazimisha kukata maneno, na utakuwa umeshauriwa vizuri.

Mstari wa italiki ukiwekwa katikati kwa kipimo cha kompyuta, mara nyingi jicho huuona umesogea kulia kwa sababu vichwa vya herufi vimelalia huko. Usogeze kidogo kushoto hadi utulie. Nafasi kati ya mistari ipunguze kiasi kwenye vichwa vya mistari miwili, lakini angalia mkia wa “y” au “g” wa juu usigonge kichwa cha “k” au “h” wa chini.

Kuhusu mwenzake, chagua mmoja tu. Cooper hukaa vizuri na herufi nyepesi zisizo na serifi. Playfair hukaa vizuri na Georgia kwa maandishi ya ndani, au na fonti tulivu isiyo na serifi. Usiziweke Cooper na Playfair kwenye karatasi moja. Zote mbili zinataka kuwa mwenye shughuli.

Na uwe mwangalifu na rangi. Herufi nyeupe juu ya weusi huliwa na wino unaosambaa, na nyuzi ndizo zinazokufa kwanza. Dhahabu ya kubandika kwa joto nayo huziba matundu madogo. Ukitaka maharusi wako wang’ae kwa dhahabu, ongeza ukubwa na umwombe mchapaji sampuli moja kabla ya kuchapa zote.

Kwa kuwa mialiko mingi siku hizi husambazwa kwa WhatsApp, kumbuka kwamba picha hubanwa inapotumwa, na nyuzi nyembamba hugeuka ukungu. Itume kadi kama faili la PDF, au tengeneza toleo la simu lenye maneno machache zaidi na herufi kubwa zaidi.

Pasipoifaa

Iache herufi hii nje ya maelekezo ya dawa, tahadhari za umeme, fomu, mikataba na ratiba za mabasi. Huko msomaji anatafuta jambo, naye ana haki ya kulipata bila pambo. Iache pia nje ya tangazo la msiba. Uchangamfu wake hauendani na majonzi. Jina la marehemu linastahili herufi zilizosimama kwa utulivu, au italiki nyepesi. Na usiitumie kusisitiza sentensi ndani ya makala. Kwa kazi hiyo italiki ya kawaida inatosha, na sentensi iliyoandikwa vizuri huhitaji kidogo kuliko hata hiyo.

Kabla ya kupeleka mtamboni

Chapa kazi yako kwa ukubwa wake halisi, kwa wino mweusi, hata kama itatoka kwa rangi. Kama ni bango kubwa, chapa neno moja tu kwa ukubwa kamili. Libandike ukutani, urudi nyuma hadi umbali atakaokuwepo msomaji, kisha ufumbe macho nusu. Neno linalobaki kuonekana ndilo bango lako litakalosema. Likiwa ni neno sahihi, endelea. Likiwa “Mnakaribishwa nyote,” ilhali jambo la kujulikana ni “Ngoma” au “Jumamosi,” rudi mezani ubadilishe maneno kabla hujagusa fonti.

Halafu mpe mtu asiyejua shughuli hiyo asome kwa sauti. Akisita kwenye neno, usimlaumu. Fungua nafasi kati ya herufi, punguza uzito au badilisha neno. Mwisho, hesabu mahali palipotumika italiki nzito katika kazi nzima. Pakiwa zaidi ya mahali pamoja, ondoa kipande kimoja baada ya kingine, ukianza na kile ambacho msomaji asingekikosa, mpaka kibaki kile ambacho bila hicho tangazo halina maana. Hicho ndicho kinachostahili uzito, mlazo na nafasi yote iliyobaki kwenye karatasi.